Mlango wa Bi Tausi

Jumapili, 1 Februari 1998

Daftari hili Mwalimu Mkuu alinipa kwa ajili ya maandalio ya masomo ya darasa la tano. Kurasa kumi za mwanzo zina maandalio. Kuanzia hapa ni langu.

Nimemaliza kidato cha sita, nafundisha Litapunga kwa kujitolea, nangoja barua ya chuo ambayo pengine hata haijaandikwa. Sina huzuni. Nasema hivyo kwa sababu hapa msichana akikaa kimya watu humletea uji. Mimi huwa nasikiliza tu.

Ninachokisikiliza kuliko vyote ni Jua la Pili, kila Jumapili saa kumi jioni, kwenye banda la tumbaku la baba mdogo Celestin. Mchezo huu wa redio ulianza Novemba. Ni habari ya chombo kiitwacho Mbayuwayu, kilichoondoka duniani miaka sitini iliyopita baada ya maji kwisha, kinaelekea sayari yenye majua mawili. Nahodha ni Rukia. Kuna mashine inayoangalia kila kitu na kutangaza kila kitu, inaitwa Msimamizi. Na kuna Bi Tausi, mtunza mbegu. Ni yeye peke yake anayeikumbuka dunia. Wengine wote wamezaliwa njiani.

Bibi Vénérande, mama yake baba, hapo ndipo anapopapenda. "Wamezaliwa njiani," hurudia, akatikisa kichwa kama anayewajua watu hao kwa majina.

Leo kilikuwa kipindi cha kumi na mbili. Tulikuwa tunatunga majani mabichi kwenye fito, tayari kuingia bani kukaushwa. Padri anajua kwamba jani likishachumwa halitambui Jumapili. Sheria ya banda ni moja: redio ikisema, mikono inaendelea, midomo inafungwa. Mwisho baba mdogo huuliza kama anavyouliza juu ya tumbaku: "Haya, daraja la ngapi?"

"La kwanza," nikasema.

"La tatu," akasema Onesphore, fundi baiskeli. "Mbegu ya miaka sitini haioti. Muulize mkulima yeyote."

"Zimewekwa kwenye baridi."

"Baridi? Mwese kule milimani kuna baridi, na maharage ya miaka miwili yanaliwa na wadudu."

"Angani hakuna wadudu, Onesphore."

"Umefika?"

Simpendi sana Onesphore. Anakumbuka kila kipindi kuliko mimi na anatumia kumbukumbu hiyo kama spana.

Jumatano, 4 Februari

Mvua. Wanafunzi kumi na tisa kati ya hamsini na tatu.

Jumapili, 8 Februari

Kipindi cha kumi na tatu. Rukia amegombana na fundi wa mitambo kuhusu maji. Banda lote limekipa daraja la pili isipokuwa Marsela, mwalimu mwenzangu, Mpimbwe mwenyeji wa huku, ambaye anasema wanaume wa kwenye chombo wanalalamika sana kwa watu wasiofua.

Niandike kuhusu bibi. Hasikii redio. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linataka mdomo uwe karibu. Kwa hiyo baada ya kila kipindi namsimulia kwa Kirundi, na sauti zote naziweka, hata Msimamizi. Ninachomwambia Jumapili, Jumatatu kiko kisimani, Jumatano kiko kwenye sala ya jumuiya. Upande huu wa makazi yetu ya wakimbizi kuna wanawake ambao hawajawahi kuisikia redio hiyo na wanajua rangi ya kitambaa cha Bi Tausi. (Rangi niliweka mimi. Redio haina rangi. Nadhani hilo linaruhusiwa.)

Jumapili, 15 Februari

Leo nimefanya jambo.

Mvua ilianza saa tisa. Radi zilikuwa juu ya bani kabisa, na kila radi redio ilikwaruza. Tulisikia nusu ya kwanza vizuri. Kijiwe cha angani kimegonga Mbayuwayu, ghala la mbegu limeachia hewa. Bi Tausi akamwambia Rukia, "Kaa na watu wako, mimi nakaa na wangu," akaondoka. Msimamizi akatangaza: "Mlango wa ghala la mbegu umefunguka. Nani yuko nje?"

Kisha mkwaruzo. Dakika saba. Baba mdogo alisogeza redio, akapanda nayo kwenye kigoda, akaishika mdomoni kama mtu anayekunywa. Tulipoipata tena, muziki wa kufungia ulikuwa unapigwa.

Wote wakanigeukia. Ndivyo ilivyo kila wakati, maana nimesoma, na masikio yangu ni makali. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema sikusikia. Ndipo Onesphore akacheka.

"Leo hata mwalimu Odeta hana kitu. Radi imemfunga mdomo."

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia nini?"

"Amefunga mlango. Amerudi ndani. Ameumia mikono kwa baridi, lakini amerudi."

Watu walipumua. Niliisikia pumzi hiyo banda zima. Baba mdogo akasema, "Daraja la kwanza," na hakuna aliyebisha, hata Onesphore. Kisha nikainama kwenye sikio la bibi, nikamsimulia kwa Kirundi jinsi Bi Tausi alivyorudi, na bibi akanishika kidole gumba akakishikilia mpaka mwisho.

Jumatatu, 16 Februari

Pengine amerudi kweli.

Jumapili, 22 Februari

Kipindi cha leo kimeruka miaka mitatu mbele. Bi Tausi hakusema neno. Hakutajwa.

"Yuko wapi?" bibi akauliza.

Nikasema amelala. Kwenye Mbayuwayu kuna vitanda vya baridi ambamo mtu hulala miaka bila kuzeeka. Hilo ni la kweli, lilisemwa kipindi cha tatu. Nikasema kabla ya kulala alimwimbia mtoto wa fundi wa mitambo. Baba mdogo alikuwa anasikiliza kwa nyuma. "Hilo la wimbo sikulisikia," akasema. Nikasema lilikuwa mle kwenye mkwaruzo, siku ile.

Nimeandika hili ili nijue kwamba uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Haukuniuma hata kidogo.

Alhamisi, 26 Februari

Mvua.

Jumapili, 8 Machi

Siku kubwa. Kabla ya mchezo huwa wanasoma maoni ya wasikilizaji, na leo mtangazaji akasema: "Onesphore, fundi baiskeli, Litapunga, Mpanda." Banda zima lilisimama. Barua yake ilihusu mbegu. Alieleza jinsi mama yake alivyokuwa anahifadhi maharage kwenye jivu, akashauri watunzi wamweke Bi Tausi afanye hivyo, "kwa kuwa mchezo ni mzuri na haifai uharibiwe na kosa dogo."

Mchezo ni mzuri! Miezi minne anaupa daraja la tatu. Nilimwangalia. Alikuwa ameshika fito tupu, hatungi chochote, na shingo imemvimba kwa furaha.

"Wamekata sentensi yangu ya mwisho," akasema.

"Ilisemaje?" nikamuuliza.

"Niliuliza hali ya Bi Tausi."

Jumapili, 15 Machi

Wametangaza kuna kitabu. Jua la Pili, mchezo mzima, "pamoja na yale usiyoyasikia." Kinauzwa Tabora. Marsela ana kaka yake huko, ataandika barua leo leo, na kwa kuwa yeye si mkimbizi na haombi kibali cha kutoka makazini, atakifuata Mpanda mjini kikija kwa treni. Wote wamefurahi. Onesphore alirukaruka.

Pamoja na yale usiyoyasikia.

Jumanne, 17 Machi

Niliota mkono wa mteuzi.

Nieleze, maana daftari halijui tumbaku. Majani yaliyokaushwa hupangwa kwa madaraja, yakafungwa kwenye robota, robota likashonwa. Sokoni mteuzi, yule anayekagua madaraja, hutia mkono mpaka katikati. Akikuta jani bovu limefichwa ndani ya mazuri, hakatai jani. Anakataa robota lote, na jina la mkulima linatajwa mbele ya watu. Ilimpata baba mdogo mwaka tisini na moja. Shemeji yake ndiye aliyeficha, lakini jina lililotajwa lilikuwa Celestin. Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa gari lilikuwepo. Tangu hapo kila robota hulitia mkono mwenyewe kabla ya kushona, mpaka kwenye bega, macho ameyafumba. Na mara mia nimemsikia akisema: jani bovu si dhambi, kila shamba linalo. Kulifunika ndiyo dhambi.

Mimi ndiye sikio la banda lake.

Jumapili, 22 Machi

Treni haikuja. Njia ya reli imekatwa na maji. Kipindi cha kumi na tisa, Bi Tausi hakutajwa. Bibi kauliza ataamka lini. Nikasema wakifika.

Jumapili, 29 Machi

Treni haikuja. Naiombea mvua. Mwalimu mzima, mtoto wa wakulima, naiombea mvua iendelee wakati watu wana majani ya kukausha.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Haikuja.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Mvua imekatika. Tulikula wali. Marsela anasema reli imetengenezwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Marsela ameshuka kwenye gari la Mpanda mjini na kitabu ndani ya kanga, kama mtoto mchanga. Kimefika kwangu kwanza kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa banda. Kesho, baada ya kipindi, nitaanza kukisoma kwa sauti.

Nimesoma tangu saa nane mchana mpaka mwanga umekwisha. Sura mbili za mwisho nimeziacha, maana tumekubaliana zingoje redio imalize.

Kwanza, maoni yangu kama mpenzi wa mchezo: kitabu kimenikasirisha. Nahodha ni mwanamume! Rukia wetu, aliyeongoza chombo kwa sauti ile ya chini isiyoharakishwa, humo ni mke wa nahodha. Na Msimamizi anacheka. Ukurasa wa hamsini na mbili, "akacheka." Miezi mitano hana pumzi, leo ana kicheko. Nafikiri mwandishi alipewa mchezo kabla haujakamilika. Lakini kuna sura moja nzuri kuliko chochote nilichosikia redioni, sura ya kumi na nne.

Bi Tausi anatoka nje. Mlango wa ghala haufungiki kutoka ndani. Anaufunga kutoka nje, anauegemeza mgongo, na anaanza kutaja mbegu zake moja moja, mtama, ulezi, kunde, mpaka Msimamizi anatangaza kwamba hamsikii tena. Amekufa huko huko. Nililia, kisha nikaona aibu kwamba nimelia kwa uzuri wa sura kabla ya kukumbuka nilichokifanya.

Naweza kuruka kurasa hizo nne. Onesphore atakiazima, ataona. Naweza kusema kitabu kimekosea. Kimekosea kuhusu nahodha, nani atashangaa? Hilo linawezekana kabisa. Nimelifikiria kwa makini, kama hesabu, na linatoka.

Lakini nilivyoona ni hivi: nikilisema, nitakuwa nimeshashona.

Jumapili, 19 Aprili

Naandika kirefu.

Kipindi kilipokwisha, wote walikaa tayari. Sasa tunapanga madaraja, majani makavu yako kila mahali, banda linanukia kama asali. Baba mdogo alikuwa na rundo mapajani. Nikakishika kitabu bila kukifungua.

"Kabla sijasoma," nikasema, "nina jani la kutoa."

Hakuinua macho, lakini mikono yake ilisimama.

"Kipindi cha kumi na nne, siku ya radi, sikusikia kitu. Kurudi kwa Bi Tausi nilitunga."

"Nilijua!" akapiga kelele Onesphore.

"Hukujua," baba mdogo akamwambia. "Ungejua ungesema siku ile ile. Wewe huna ghala la maneno."

Watu walicheka, nikapata pumzi. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni hilo moja?"

"Na la kulala kwenye baridi."

"Na la wimbo?"

"Na la wimbo, baba mdogo."

"Lile nililipenda," akasema, kama mtu aliyeambiwa ng'ombe aliyemchunga si wake. "Umelitoa mwenyewe, au Marsela kasoma akakutishia?"

"Sijafungua hata ukurasa," akasema Marsela. "Garini nilikaa juu ya magunia ya chumvi saa nzima, kitabu kifuani. Ningesoma saa ngapi?"

"Mwenyewe," nikasema.

"Kwa nini ulilificha?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri. Likapotea. "Onesphore alicheka," nikasema.

Onesphore aliinamia majani yake. Baba mdogo akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, na sura yake ikawa ya mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu.

"Jani likitolewa halitupwi," akasema mwishowe. "Linafungwa peke yake na linaandikwa ni nini. Kuanzia leo kuna la redio, kuna la kitabu, kuna la Odeta. Nikisikia yamechanganyika tena, mkono wangu utaingia mpaka bega. Na bibi yako utamwambia wewe. Sasa hivi."

Bibi alikuwa ananyoosha majani kwenye goti, anatabasamu, anadhani tumeshaanza kusoma. Nikapiga magoti upande wa kushoto, nikamwita bibi kwa Kirundi.

"Nyogokuru, Bi Tausi hakurudi. Kwenye kitabu alifia nje."

Aliendelea kunyoosha jani. "Nani alimfungia mlango?"

"Yeye mwenyewe. Ili mbegu zisife."

"Peke yake?"

"Alikuwa anazitaja mbegu."

Aliliweka jani chini. Kisha akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya watu wasiosikia, ambayo inafika barabarani: "Na wewe umenidanganya wiki tisa."

"Ego, Nyogokuru," nikakubali.

"Nimemwambia Pelagia anaamka. Nimemwambia mke wa katekista. Nimewaambia watu wasali!" Akanifinya sikio, akavuta. "Kesho alfajiri utabeba ndoo yangu, twende kisimani, useme kwa mdomo wako."

Ndipo nikafungua kitabu nikasoma. Tulipofika kwa nahodha mwanamume ilibidi nisimame robo saa. Onesphore alitaka kurudisha kitabu Tabora kwa baiskeli.

Jumatatu, 20 Aprili

Kisimani. Wanawake kumi na mmoja. Nilisema. Pelagia, jirani yetu, alitua ndoo yake akashika kiuno.

"Kwa hiyo mtoto wa fundi hakuimbiwa?"

"Hakuimbiwa, mama."

"Masikini. Basi mimi sitaki huyo wa kitabu. Mzee wa watu anaachwaje nje?"

"Alijiacha mwenyewe," akasema mwingine. "Umewahi kumwona mama mwenye mbegu akiondoka ghalani?"

Wakabishana mpaka jua likapanda. Hakuna aliyenikumbuka tena. Nikarudi na ndoo mbili, ya bibi na ya Pelagia, kama faini, na nilikuwa mwepesi njia nzima.

Jumamosi, 25 Aprili

Jua. Baba mdogo amezifunga sura mbili za mwisho kwa kamba ya katani, fundo la robota, ili asiwepo wa kuchungulia.

Jumapili, 3 Mei

Kipindi cha ishirini na tano. Wameiona sayari. Onesphore alikaa karibu nami, akanisahihisha mara mbili wakati namsimulia bibi, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Nilimshukuru. Hakujua afanye nini na shukrani, akaniuliza kama baiskeli ya Marsela bado inalia.

Jumapili, 10 Mei

Kipindi cha mwisho. Mbingu safi, betri mpya. Marobota kumi na nne yameshonwa, yamepangwa mlangoni kungoja gari. Watu walijaa mpaka nje. Pelagia alikuja na kigoda chake.

Kila neno lilisikika. Mbayuwayu ilitua. Rukia, Rukia wetu, akaamuru wote wakae kimya. Msimamizi akasema kwa sauti ile ile isiyo na kitu: "Mlango wa ghala la mbegu unafunguka." Tukasikia mlango. Tukasikia hatua. Sauti ya mtu mzee, au ya mtu aliyechoka, ikaanza: "Mtama..."

Na lori la kuchukua tumbaku likaingia uani, honi na injini na wapakiaji wakiimba.

Onesphore alitoka mbio akipiga kelele, "Zima! Zima, wewe!" Dereva akadhani bani inaungua, akakanyaga mafuta. Lori lilipozimwa, muziki wa kufungia ulikuwa unapigwa, na mtangazaji anatushukuru.

Wote wakanigeukia.

"Sikusikia," nikasema.

Niliona ni neno dogo sana.

"Hata mimi," akasema Onesphore kutoka mlangoni, anahema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Kitabu tunacho," akasema Marsela. "Kateni kamba."

"Cha nahodha mwanamume?" Onesphore akamjibu. "Kitajuaje?"

Baba mdogo alikitoa kitabu, akaipima kamba kwa kidole gumba, akakirudisha. "Kesho," akasema. "La kitabu ni la kesho."

Bibi alikuwa ananivuta kanga. "Wamesema nini? Nani kafungua?"

Nikapiga magoti upande wa kushoto, nikamsimulia yote kwa Kirundi, kutua, amri ya Rukia, mlango, hatua, mtama. Kisha nikaishia hapo.

"Hapa gari limepita, Nyogokuru. Sikusikia. Hakuna aliyesikia."

Nyuma yangu wapakiaji walikuwa wameacha kupakia. Nao walitaka kujua.

"Basi weka wewe," akasema.

Nilimwangalia baba mdogo. Alikuwa amesimama karibu na robota la mwisho, mkono juu yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Kuanzia hapa ni langu," nikasema, kwanza kwa Kiswahili ili banda lote lisikie, halafu kwa Kirundi kwenye sikio.

"Ego," akasema bibi, akanishika kidole gumba. "Ulezi."

"Ulezi," nikasema. "Kunde."